Kuenea si Kufika

Mambo mapya huijia nchi kwa njia mbili: mengine huenea, mengine hufika. Kuenea ni jambo la nje. Huonekana kwa macho na kuhesabiwa kwa tarakimu. Kufika ni jambo la ndani; mtu hulipokea jambo, akaijua tabia yake, akalitumia bila ya kushikwa mkono, na siku akinyimwa akajua kanyimwa nini. Mvua hunyesha juu ya jabali na juu ya shamba kwa kipimo kimoja, lakini shambani hufika, na jabalini hupita. Mtu anayeihesabu mvua kwa matone huweza kudhani kuwa jabali na shamba vimepata sawa. Mkulima hadhani hivyo.

Katika makala haya nataka kuitumia tofauti hiyo kulitazama jambo moja kubwa la zama zetu, nalo ni kuenea kwa intaneti katika Tanzania, hasa katika vitongoji vya Dar es Salaam ninavyovijua kwa kuishi na kwa kupita kila siku, upande wa Temeke na upande wa Kinondoni. Sikusudii kuusifu mtandao wala kuulaani. Wanaousifu ni wengi, wanaoulaani si wachache, na kila upande una mashahidi wake. Nakusudia kuuliza swali dogo: kilichoenea kimekwisha fika? Na ikiwa hakijafika, kimekwama wapi?

Mwalimu wa lugha hana budi kuanza na jina. Neno mtandao ni zao la kitenzi tanda. Wingu hutanda angani, giza hutanda juu ya nchi, na buibui hutanda utandabui wake baina ya matawi mawili. Waliolipa neno hili maana yake ya leo hawakukosea, kwani lasema kweli: kuna nyuzi zilizonyooshwa zikafunika mahali pakubwa. Lakini neno hilo lina ukweli wa pili ambao twausahau kwa urahisi. Ndani ya utando mmoja hukaa buibui, na hukaa nzi. Wote wawili wamo mtandaoni. Tofauti yao si kwamba mmoja ameunganishwa na mwingine hakuunganishwa; tofauti yao ni kwamba mmoja azijua nyuzi, na mwingine hazijui.

Kuenea kwenyewe kumekuwa kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa kitu cha kusimuliwa zaidi kuliko kuonwa. Katika miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa, na baadaye mjini kati pakazuka vyumba vya intaneti ambamo mtu alilipia kwa saa au kwa nusu saa. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulitoka Temeke kwa daladala mpaka Posta, tukangoja zamu, tukaomba barua pepe moja ifunguke, na mara nyingine nusu saa ilikwisha kabla ya barua kufunguka. Mawasiliano yetu na dunia yalipita katika satelaiti, njia nyembamba na ya ghali. Julai 2009 mkongo wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Wakati huo simu zilikuwa zimekwisha kuwa mikononi mwa watu, na huduma ya fedha ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilikuwa imeingia Tanzania mwaka 2008. Mkongo uliikuta simu, simu ilikuwa imekwisha ikuta fedha, na mambo matatu hayo yakashikana mikono yakaingia mitaani.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilihesabu watumiaji wa intaneti karibu milioni 23 mwaka 2017. Mwaka 2024 hesabu hiyo ilikuwa imepita milioni 40, katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu 61,741,120. Tarakimu hizo ni za kufurahisha, nami nafurahi. Walakini msomaji mwangalifu atakumbuka kwamba kinachohesabiwa hapo ni laini za simu, wala si vichwa vya watu. Muuza dagaa wa Tandika huweza kuwa na laini mbili au tatu, kila moja kwa sababu yake: moja ya kupigia, moja ya kupokelea fedha, moja ya bando la bei nafuu. Katika hesabu yeye ni watu watatu. Sokoni ni mtu mmoja mwenye ndoo yake.

Asije mtu akafikiri nasema kuwa watu wa vitongoji wameshindwa kuutumia mtandao. Hasha. Mimi hupanda daladala alfajiri Mbagala Rangi Tatu, likanipeleka mpaka kituo cha Mawasiliano, ambacho abiria wengi hukiita Simu 2000, na kutoka pale huendelea kwenda Mlimani. Katika safari hiyo nimejifunza mengi kwa kutazama pembeni. Fundi cherehani hupokea picha ya mshono kwa mteja wake, na kabla ya Mtoni amekwisha jibu bei. Mama lishe hupokea oda za chakula cha mchana. Katibu wa kamati ya harusi huhesabu ahadi za michango, na kuwakumbusha wadeni kwa adabu inayopungua kadiri siku ya harusi inavyokaribia. Habari ya msiba huwafikia watu mia mbili kwa mguso mmoja wa kidole, na gari likifika Buguruni rambirambi zimekwisha tumwa. Kazi hizi zamani zilitaka mtoto wa kutumwa, nauli na siku nzima. Mtu asiyeiona faida hii hakupata kutembea kwa miguu kutoka Mbagala mpaka Keko kupeleka habari ya kifo.

Lakini tukiziangalia kazi hizo vema tutaona zote ni za namna moja. Ni mazungumzo ya mtu na mtu anayemjua, kwa Kiswahili, juu ya mambo ambayo kila mmoja wao ameyazoea. Hapo mtandao umefika, kwa kuwa ulikuta njia iliyokwisha fyekwa. Mtu huyohuyo akitaka kuvuka mazungumzo akaingie katika elimu, katika ofisi, katika haki zake za raia, hukuta malango mawili. Lango la kwanza ni kipimo. Lango la pili ni karani.

Kwanza kipimo. Katika vitongoji vyetu vitu vingi huuzwa kwa kupimwa: mafuta ya kula kwa kikombe, sukari kwa robo, mkaa kwa kopo. Intaneti nayo imeingia katika desturi hiyo, na jina la kipimo chake ni bando. Kuna bando la siku, bando la wiki na bando la mwezi. Mwenye mshahara hununua la mwezi. Mwenye kibarua hununua la siku, na mwezi ukiisha, akijumlisha, ataona amelipa zaidi kwa kupata pungufu, kama ilivyo bahati ya kila anunuaye kwa kikombe. Lakini bando lina tabia moja ambayo mafuta hayana. Mafuta yaliyobaki chupani jioni yatakaanga samaki kesho. Bando lisilotumika katika muda wake hukoma, isipokuwa mwenyewe awahi kununua jingine. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; kibaba cha bando la siku hakijai kwa haba na haba, kwa kuwa kila kunapokucha kimekwisha mwagwa. Ndiyo maana bei zilipopanda ghafla Aprili 2021 kilio kilikuwa kikubwa, hata ikaagizwa zirudishwe zilivyokuwa. Waliolia hawakulilia anasa. Walilia kama mtu anayeona kikombe cha muuza mafuta kimeinuliwa kitako.

Lugha imeliandika jambo hili kwa uaminifu kuliko takwimu. Mtu anunuapo bando aghalabu hasemi amenunua; husema amejiunga. Neno kujiunga lilikuwa na uzito wake. Mtu alijiunga na chama, alijiunga na ushirika, alijiunga na jeshi. Alijiunga akawa mmoja wa wengine, na kutoka kwake kulitaka sababu. Leo mtu hujiunga asubuhi, na usiku si mwenzao tena. Sina neno baya juu ya mabadiliko ya maana. Lugha iliyo hai hubadilika, na mwalimu anayeikemea ni kama mtu anayeukemea mto. Nataka tu tusikie neno linasema nini. Linasema kwamba, kwa watu wengi, uanachama wa dunia hii mpya ni wa kutwa. Na mtu wa kutwa hana nafasi ya kupotea njia, akarudi, akajaribu tena, ilhali hiyo ndiyo namna pekee ya kujifunza. Hufuata njia anayoijua, kwa kuwa kipimo kinamhesabia. Tunawalaumu vijana kwamba mtandaoni hukimbilia soga na kuacha maarifa. Tukumbuke kwamba bando la mitandao ya kijamii peke yake limepata kuuzwa kwa bei ndogo. Bando la maktaba peke yake sijapata kuliona likitangazwa barabarani.

Sasa nije kwa karani. Karibu na vituo vya daladala vya vitongoji vyetu kuna chumba kimoja chenye kompyuta moja au mbili, mashine ya kunakili, na kibao kilichoandikwa kwa rangi: kuchapa, kuskani, picha za pasipoti, maombi ya chuo, maombi ya mkopo, maombi ya ajira, vyeti vya kuzaliwa. Watu hukiita steshenari, ingawa karatasi na kalamu ndizo bidhaa ndogo kabisa humo. Kinachouzwa humo ni kuandikiwa. Mtu huingia na shida yake, huieleza kwa kinywa, na kijana aliyeketi mbele ya kompyuta huigeuza ikawa fomu. Ni kazi ya halali na ya msaada mkubwa. Lakini si kazi ngeni. Ni kazi ya karani wa barua, aliyewaandikia na kuwasomea watu wasiojua kusoma, na ambaye tulidhani tumekwisha mzika.

Mama yangu alizaliwa Rufiji. Baba alikuwa kibarua bandarini Dar es Salaam, na barua zake zilipofika kijijini zilisomwa na mtu mmoja mwenye elimu ya darasa la nne, barazani kwake, mbele ya yeyote aliyekuwapo. Fedha iliyotumwa ilijulikana kiasi chake kabla haijafika. Neno la mapenzi lilisomwa kwa sauti ya mwanamume mwingine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yalifunguliwa katika majengo ya shule na chini ya miembe. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa 69 katika kila 100. Mwaka 1986 walikuwa chini ya 10. Mama alikuwa mmoja wa waliovushwa. Husema kwamba barua ya kwanza aliyoisoma peke yake aliisoma mara nne, si kwa kuwa ilikuwa ngumu, bali kwa kuwa ilikuwa yake.

Mwishoni mwa mwaka 2019 ilitakiwa laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole na kwa namba ya kitambulisho cha Taifa. Mimi nilikuwa safarini. Mama alikwenda peke yake katika steshenari ya mtaani ili atafutiwe namba yake. Kijana alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, bibi," kisha akaanza kumwuliza, foleni ikisikiliza: Jina la baba? Jina la mama? Ulizaliwa lini, bibi, na wapi? Mama alijibu yote. Namba ilipatikana kwa dakika chache, ikaandikwa katika kipande cha karatasi, naye akalipa akashukuru. Niliporudi alinisimulia, akamaliza kwa neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, mambo ya kusomewa nilidhani nimeyaacha Rufiji."

Neno hilo ni zito, kwani aliyelisema anajua kusoma. Husoma gazeti, husoma msahafu, husoma ujumbe wa wajukuu. Hakukosa elimu ile aliyoipata chini ya mwembe; alikosa elimu ya pili, ambayo hakuna aliyemwekea mwembe wake. Mtandao ulienea hadi mlangoni pake, na ulipofika mlangoni ukamrudisha barazani.

Wala si wazee peke yao. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Buza, aliombewa mkopo wa masomo katika chumba kama hicho. Mwenye chumba alifanya kila kitu kwa bidii: alimfungulia akaunti, akampatia anwani ya barua pepe, akatunga neno la siri, akachapa fomu. Binti alitoka na karatasi. Ufunguo ulibaki ndani. Mkopo ulipotoka pungufu naye akataka kukata rufaa, neno la siri hakuwa nalo, na chumba kilikuwa kimehamia Chanika. Alikitafuta Jumamosi mbili. Alipokipata, mwenyewe alitoa daftari kubwa, akapekua, akamsomea neno lake bila ya kudai hata senti moja. Lilikuwa jina la binti mwenyewe, likifuatwa na moja, mbili, tatu. Siku za rufaa zilikuwa zimepita. Mwaka ule alisoma kwa michango ya ukoo, na ukoo haukuwa na kitu.

Nataka msomaji aangalie kwamba katika kisa hiki hamna mwizi. Daftari lile lilikuwa na majina mengi, kila jina na neno lake la siri kando yake, na lilitunzwa kwa uaminifu. Mtu mwema alikuwa ameshika funguo za nyumba za watu, kwa sababu watu wenyewe hawakuonyeshwa kitasa. Madhara yakiletwa na mwovu, dawa yake ni sheria. Yakiletwa na mwema, dawa yake ni elimu. Na pale mwema aliposhika ufunguo, mwovu naye hujifunza njia. Ni nani kati yetu asiyepata kupokea ujumbe wa kumwambia ile hela aitume kwa namba hii? Ujumbe huo haukutungwa na mtaalamu wa kompyuta. Ulitungwa na mtu aliyetambua kwamba watu wengi wamezoea kutumwa na simu zao, badala ya kuzituma.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba haya ni mambo ya mpito, wazee watapita, na kizazi kilichozaliwa na simu mkononi hakitahitaji karani. Ningependa iwe hivyo. Lakini binti wa Buza alikuwa na miaka 19, na simu yake ilikuwa mpya kuliko yangu, na vidole vyake juu ya kioo vyepesi kuliko vyangu. Kuzaliwa pwani si kujua kuogelea. Wepesi wa vidole ni ustadi wa mazungumzo. Haumfundishi mtu kwamba neno la siri ni mali yake, kwamba anwani ya barua pepe ni jina lake mbele ya serikali, kwamba fomu yapasa kusomwa hadi mstari wa mwisho. Mambo hayo hayaji kwa umri. Huja kwa kufundishwa.

Yapo pia mambo ya lugha, na hapa sisi wa taaluma ya Kiswahili hatuwezi kukaa pembeni kama wageni. Kurasa nyingi ambazo raia hutakiwa kuzijaza zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha ofisi. Mtu aliyesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili hukutana na kizingiti katika kila kitufe. Hajashindwa kufikiri, ameulizwa katika lugha ambayo hajibu kwayo mambo ya maisha yake. Basi humwita karani, na karani, ambaye mara nyingine naye hubahatisha, huwa mkalimani wa dola.

Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Maneno yapo: tovuti, barua pepe, nywila, tarakilishi. Mengine yameshika, mengine yamelala kamusini. Watu wa Tandika husema kompyuta na paswedi, nami sioni dhambi, maana lugha yetu haijapata kuona haya kupokea mgeni na kumvisha kanzu. Lakini tutazame neno moja lililotufundisha somo. Neno kishikwambi lilipoanza kusikika lilichekwa na wengi, kama kwamba lilitungwa kwa mzaha. Ikaja sensa ya tarehe 23 Agosti, 2022. Makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na chombo hicho mkononi, redio zikalitaja jina lake, na baadaye walimu wakagawiwa. Kicheko kikapungua. Neno haliishi kwa kutangazwa. Huishi kwa kushikwa. Tuliandike neno la Kiswahili juu ya kitufe ambacho mtu hana budi kukibonyeza, nalo litaishi, na mtu ataishi nalo.

Katika miaka ya karibuni tumepata kuuona mtandao ukitoweka. Jumapili, tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ilizimwa nchini kote, ikarudi baada ya siku kadhaa. Matukio mawili hayo hayafanani kwa sababu wala kwa uzito, wala sitaki kuyalinganisha. Nataja lile moja tu nililoliona mtaani kwetu mara zote mbili. Steshenari iliposimama, mambo ya watu wengi yalisimama nayo, kwa kuwa akaunti zao, nakala za vyeti vyao na maneno yao ya siri vilikuwa nyuma ya mlango mmoja. Na katika tukio la kwanza nilimwona jirani yangu, mtu mzima mwenye akili timamu na biashara yake, akiipeleka simu kwa fundi. Nilisema mwanzo kwamba jambo likimfikia mtu, siku akinyimwa hujua kanyimwa nini. Jirani yangu alidhani kanyimwa simu.

Basi tufanye nini? Kilio cha bei ni cha haki, na kiendelee. Kipimo kikiwa kikubwa mtu hupata nafasi ya kupotea na kujifunza. Lakini kipimo peke yake hakitamwondoa karani, kama vile wingi wa karatasi haukumwondoa karani wa zamani. Aliyemwondoa yule ni kisomo. Nasema tunahitaji kisomo cha pili, na masharti yake si makubwa. Ofisi za serikali za mitaa zipo. Madarasa ya shule za msingi huwa matupu jioni. Wanafunzi wetu wa chuo wana likizo ndefu, na wengi wao hurudi Mbagala, Tandale, Manzese na Buza, ambako mama zao husubiri foleni za steshenari. Mtaala wake waweza kuandikwa katika ukurasa mmoja: mtu atunge neno lake la siri na alishike mwenyewe, asome ukurasa hadi mwisho kabla ya kubonyeza, atambue ujumbe wa tapeli, ahifadhi nakala ya cheti chake mahali anapopajua, atafute jambo kwa Kiswahili, na alipime jibu kabla ya kuliamini. Kisomo cha kwanza hakikungoja walimu wenye shahada. Aliyejua alimfundisha asiyejua, na wote wawili wakatoka wamepata kitu.

Wala vijana wa steshenari wasifukuzwe katika kazi hii. Wawe walimu wa kwanza. Lipo badiliko moja dogo ambalo nimemwona kijana mmoja wa Temeke akilifanya kwa hiari yake, nalo lafaa kuigwa. Mteja huketishwa katika kiti mbele ya kompyuta, naye kijana husimama nyuma yake akimwelekeza. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, na foleni hunung'unika. Lakini mteja ndiye anayebonyeza, mteja ndiye anayetunga neno la siri, na mwelekezaji hugeuza uso wakati linapoandikwa. Nilimwuliza kama hapotezi wateja. Alinijibu, "Mwalimu, wa hivi harudi kwa jambo lile lile. Hurudi na jambo kubwa zaidi."

Kwetu sisi wasomi ipo sehemu isiyoweza kufanywa na kijana yule. Tumetumia miaka mingi kubuni istilahi, na kazi hiyo ni njema. Sasa tuzipeleke istilahi mahali penye watu. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili na achukue fomu moja ya mtandaoni, aiandike upya kwa Kiswahili kinachoeleweka, kisha akaijaribu si kwa wenzake wa Mlimani, bali kwa watu kumi wa Mbagala, na aeleze ni mstari gani uliowakwamisha na kwa nini. Tasnifu ya namna hiyo ingekuwa na wasomaji wengi kuliko wasahihishaji wake, jambo ambalo si la kawaida kwa tasnifu.

Hesabu ya laini itaendelea kukua, na kila mwaka tutaisoma kwa furaha. Pamoja nayo natamani isomwe hesabu nyingine isiyohitaji mitambo mikubwa: katika mwaka huu, watu wangapi wameacha kuandikiwa? Nchi hii ilipata kujiuliza swali hilo ilipokuwa maskini kuliko ilivyo leo, bila ya mkongo wala kishikwambi, na haikuogopa kulihesabu jibu lake mtu kwa mtu. Inaweza kujiuliza tena.